Mpweke Katikati ya Watu Wengi



Mwezi huu tuzungumze juu ya upweke. Najua mmoja atasema: "Mchungaji, upweke gani? Kwetu hakuna mtu anayekaa peke yake. Nyumba moja iko na watu kumi na wawili, na kule machimboni vijana wanalala sita sita chini ya turubai moja." Ni kweli. Lakini kukaa peke yako ni jambo moja, na upweke ni jambo lingine. Mkulima anaweza kushinda shambani siku nzima bila kuona mtu, akarudi jioni na moyo mzima. Na kijana anaweza kuzungukwa na watu mia moja kando ya shimo la dhahabu, wote wakimwita, wote wakimtuma, wote wakimcheka, na hata mmoja asijue jina lake la kweli. Huyu wa pili ndiye mpweke.

Ili tulione jambo hili vizuri, tutafungua kitabu cha hadithi. Msishangae mchungaji kusoma riwaya. Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kwa hadithi, juu ya mwana aliyepotea na juu ya Msamaria mwema, na mpaka leo tunajipima ndani yao.

Kitabu chetu kinaitwa Peponi. Mwandishi ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948. Aliondoka kwao angali kijana, baada ya mapinduzi ya 1964, akaenda kuishi Uingereza, na huko akawa mwalimu wa chuo kikuu. Kitabu alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwaka 2021 akapewa tuzo ya Nobel ya fasihi, na mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akakileta katika Kiswahili, kikachapwa Dar es Salaam. Ndiyo kusema, kitabu juu ya watu wanaosema Kiswahili kilingoja miaka 28 mpaka wasome habari zao katika lugha yao.

Kinatugusa sisi kwa sababu mbili. Ya kwanza, kinaeleza biashara ya misafara kutoka pwani mpaka ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na ni misafara ya namna hiyo iliyofikisha Kiswahili Kabambare na Kasongo. Ya pili, kinaanza na deni.

Sikieni habari yenyewe. Ni miaka ya Wadachi katika Tanganyika, kabla tu ya vita kuu ya 1914. Mtoto Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji mdogo wa njia ya reli, lakini biashara imeanguka na madeni yamezidi. Tajiri mmoja anayeitwa Aziz anapita mara kwa mara, na Yusuf anamwita mjomba. Siku moja mtoto anaambiwa afunge vitu vyake, atasafiri na mjomba kwa treni. Anafurahi! Hajui bado kwamba ametolewa rehani. Sawa vile mtu anaacha redio yake au baiskeli yake kwa mwenye kumkopesha, baba huyu ameacha mtoto.

Anafikishwa pwani, anawekwa kwenye duka la Aziz. Hapo anamkuta Khalil, kijana mkubwa kidogo kwake, anayeuza dukani. Khalil ndiye anayemfungua macho. Anamwambia wazi kwamba huyu si mjomba wake hata kidogo, na kwamba anapashwa kumwita kwa jina la heshima, seyyid, kama mtumishi anavyoita bwana. Khalil anajua vizuri mambo haya, kwa maana yeye mwenyewe ni rehani ya deni la baba yake.

Wengi wakisoma kitabu hiki wanamtazama Yusuf peke yake. Mimi nawaomba leo tumtazame Khalil.

Khalil ni mtoto wa Mwarabu maskini wa kijiji cha pwani. Mtu angefikiri kwamba kwa rangi yake na asili yake atakuwa mkubwa mahali pale, kwa maana bwana mwenye mali naye ni wa upande huo. Hapana. Kwa bwana yeye ni mtumishi wa duka, analala nje barazani juu ya mkeka. Kwa wateja yeye ni mgeni anayeharibu Kiswahili, wanamcheka namna anavyosema. Huko juu hakupokelewa juu ya umaskini wake, na huku chini hakupokelewa juu ya asili yake na ulimi wake. Amebanwa katikati, sawa mtu aliyesimama mlangoni wakati milango yote miwili imefungwa.

Anafanya nini? Angalieni vizuri, kwa sababu hapa mwandishi ameona moyo wa mtu.

Kwanza, anajifanya mchekeshaji. Watu wanamcheka, naye anacheka nao, anapiga kelele, anarusha maneno. Ukimwona unasema: huyu ana furaha kuliko wote. Ndugu msomaji, usidanganyike na kicheko cha namna hii. Mtu asiyeweza kuwazuia wenzake kumcheka, mara nyingi anatangulia kujicheka mwenyewe, ili kidonda kiume kidogo.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, anampatia Yusuf jina la mzaha. Anamwita kifaurongo, ni kusema kiumbe kinachojifanya kufa kikiguswa. Mtoto amekuja akilia usiku juu ya mama yake, na huyu aliyelia vile vile miaka michache mbele anamtania kwa jina la maiti ya uongo. Kwa nini? Kwa sababu kila siku watu wanamwita yeye vile wanavyotaka. Sasa amepata mmoja aliye chini yake. Ule mzigo aliobebeshwa na wateja mchana, anamtwika mtoto usiku.

Tatu, na hapa ndipo ninapompenda Khalil, yeye hamwachi mtoto. Wanalala mkeka karibu na mkeka. Anamfundisha kazi ya duka. Anamwambia ukweli ambao wakubwa walimficha. Baadaye, Yusuf akirudi kutoka safari ndefu ya bara, Khalil anamweleza habari yake yote: namna baba yake alivyomtoa yeye na dada yake wa kulelewa, Amina, juu ya deni, namna deni lilivyofutwa baada ya baba kufa, namna mama na ndugu walivyorudi Uarabuni, na namna yeye alivyobaki juu ya Amina, ambaye sasa ni mke wa tajiri. Yuko huru, lakini hana pa kwenda. Ile siku anapoeleza habari yake mpaka mwisho, upweke wake unapungua kidogo, na wa Yusuf pia.

Kitabu hiki kina mwingine wa namna hiyo, fundi wa mashine katika mji wa bara. Jina lake ni Harbans Singh, Mhindi wa dini ya Kalasinga. Watu wote wanamwita Kalasinga, basi. Ni rafiki yao, wanakaa naye, wanabishana naye juu ya mbingu na dini, wanacheka pamoja. Lakini yeye ni nani? Ni Kalasinga. Jina la watu wake wote limefunika jina ambalo mama yake alimpa. Angalieni ilivyo rahisi, bila uchungu wowote, bila uadui wowote: mtu anakuwa kabila badala ya kuwa mtu.

Jambo hili si la Afrika tu. Mwaka 1937 Mwamerika John Steinbeck alitoa kitabu kidogo kinachojulikana sana mashuleni, Of Mice and Men. Kinaeleza wafanyakazi wa shamba kubwa huko California, watu wanaotangatanga kutafuta kazi, bila bibi, bila nyumba, sawa kabisa na vijana wetu wanaotoka chimbo moja kwenda lingine. Katika shamba lile kuna mtu mweusi mmoja tu. Anachunga farasi. Farasi alimpiga teke mgongoni, tangu siku ile mgongo ukapinda, basi wanamwita Crooks. Ni kama sisi tungemwita mtu "Kombo" maisha yake yote. Jina lake la kweli halitajwi mahali popote katika kitabu.

Wafanyakazi weupe wanalala pamoja na kucheza karata jioni. Crooks hakaribishwi huko juu ya rangi yake. Analala katika chumba kando ya zizi, penye matandiko ya farasi. Ana vitabu, hata kitabu cha sheria za California cha mwaka 1905, kana kwamba sheria ile itakuja kumtetea siku moja. Anaeleza yeye mwenyewe kwamba vitabu havitoshi: mtu anahitaji mtu wa kukaa karibu naye, la sivyo anaugua.

Jioni moja anaingia Lennie, mtu mkubwa wa mwili mwenye akili za mtoto, anayemtegemea rafiki yake George kwa kila kitu. Crooks amepata mgeni. Na anafanya nini? Anaanza kumtesa kwa maneno. Anamwambia labda George hatarudi tena, labda ameumizwa, na wewe utafanya nini? Anaona hofu katika uso wa mwenzake, na anaonja utamu wa kuwa, mara moja, si yeye aliye chini ya wote. Mpaka Lennie anapokasirika ndipo Crooks anaacha, anasema maneno ya kweli juu ya upweke wake. Baadaye anapata hata tumaini la kwenda nao kulima shamba lao. Lakini mke wa mtoto wa tajiri anamkumbusha kwamba neno moja la mwanamke mweupe linatosha kumfanya mtu mweusi anyongwe juu ya mti. Mara moja Crooks anajikunja tena. Anasema hataki tena lile shamba.

Wekeni sasa Khalil na Crooks kando kwa kando. Mmoja pwani ya Afrika, mmoja Marekani. Wote wawili wametengwa juu ya asili yao, wote wawili wamepewa mtu aliye dhaifu kuliko wao, na wote wawili kwanza wamemuuma yule dhaifu. Hili ndilo neno langu la mwezi huu: upweke wa kutengwa unapita mkono kwa mkono kama deni. Aliyedharauliwa anatafuta wa kumdharau. Hatutaumaliza kwa kuwahurumia wapweke kwa mbali. Utakwisha mahali ambapo mtu mmoja anakataa kuupitisha kwa mwingine.

Je, na sisi tunausika? Tuangalie historia yetu kidogo.

Katika karne ya 19 watu wa pwani walifika kwetu. Kabambare ikawa kituo cha njia ya kutoka ziwani, na Kasongo ikawa mji mkubwa wa Tippu Tip, Hamed bin Muhammed, yule aliyeandika maisha yake mwenyewe katika Kiswahili. Pamoja nao lilikuja neno muungwana, na lingine, mshenzi. Aliyevaa kanzu na kusema Kiswahili, huyu ni muungwana. Wa kijijini, huyu ni mshenzi. Wengi walioitwa waungwana walikuwa wazaliwa wa huku huku bara, wengine walifika katika misafara kama mateka. Walioitwa washenzi jana waliita wengine washenzi leo. Mnaona? Ni deni lile lile linapita.

Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Leopold, likiongozwa na Dhanis, liliingia Kasongo, na utawala wa watu wa pwani ukavunjika. Je, ngazi ile ilivunjika? Ilibadilishwa tu. Sasa Mzungu juu, Mweusi chini, kila mmoja katika mtaa wake. Kisha katikati wakatafutwa wale waliosoma, walioitwa évolués. Mwaka 1948 ikaletwa karata ya ustahili wa kiraia, na mwaka 1952 ile iliyoitwa immatriculation. Mtu aliyeitaka alichunguzwa mpaka nyumbani mwake: anakula namna gani, anaishi namna gani na bibi yake. Patrice Lumumba, aliyefanya kazi kwa muda kwa kampuni ya Symetain kule Kalima, hapa hapa Maniema, kabla ya kwenda Kisangani mwaka 1944, naye aliomba karata ile ya pili. Mara ya kwanza alikataliwa, akaipata mwaka 1954. Fikirini mtu wa akili kama ile, kungoja wengine waamue kama amefikia kuwa mtu! Na aliyepata karata hakukaribishwa kweli kwenye meza ya Mzungu, na nyumbani ndugu zake walimwangalia kwa mashaka. Huyu naye alikuwa Khalil, katikati ya milango miwili.

Sasa tuje leo. Dhahabu ya Namoya, huko Salamabila, na machimbo madogo madogo yote yamekusanya watu wa kila upande: Bangubangu, Babuyu, Bazimba, Bakusu, Babembe, Barega, Bashi, na wengine wa mbali zaidi. Ni baraka. Lakini nendeni mkasikilize. Kijana wa Bukavu anafungua kinywa, na wenyeji wanasema: "Sikia ule! Kiswahili yake iko ya wapi?" Sisi wa Kasongo tuna kiburi na Kiswahili chetu, tunasema ni safi. Vizuri. Lakini Kiswahili kikiwa safi na kinatumika kumfunga mgeni mdomo, usafi wake unasaidia nini? Kijana anacheka pamoja na wale wanaomcheka. Kisha wiki ya pili hasemi tena. Kisha anapatikana mtoto wa miaka kumi na minne anayebeba mchanga, na yule kijana ndiye wa kwanza kumpa jina baya.

Wengi hawana jina lingine. "Ule Mushi." "Ule wa Fizi." "Ule mutoto ya PDG", ndiyo kusema mtoto wa yule bwana wa shimo aliyemkopesha baba yake chakula na vyombo. Hapo tunakaribia sana duka la Aziz. Kuna watoto waliotumwa "kwa mjomba" kusaidia kazi kidogo, na kazi haiishi, kwa maana deni haliishi. Hakuna aliyetamka neno rehani, lakini mtoto yuko pale kama redio ya deni.

Na ndugu zetu Batwa wanajua jambo hili kuliko sisi wote. Mahali pengi mtu anakaa jirani nao miaka mingi, anawapa kazi shambani, na bado anawaita kwa jina la kabila tu. Hawali sahani moja. Hawanywi kikombe kimoja. Wasomaji wa Biblia, hii haiwakumbushi kitu? Katika Mwanzo 43 Yosefu anawakaribisha ndugu zake kula. Yeye ni mkuu wa Misri yote, anayefuata baada ya Farao. Na bado wanamwandalia chakula chake mbali, ndugu zake mbali, na Wamisri mbali, kwa sababu Wamisri hawakuweza kula pamoja na Waebrania. Kiti kikubwa, pete ya Farao, jina jipya la Kimisri, Safenath-panea, vyote anavyo. Na meza iko pake yake. Gurnah hakumwita mtoto wake Yusuf bure. Jirani zetu Waislamu wanaijua habari ya Yusuf vizuri pia, kanzu iliyochanika kwa nyuma wanaikumbuka, na katika kitabu cha Gurnah shati la Yusuf linachanika vile vile. Hii ni habari ambayo Mkristo na Mwislamu wa Kasongo wanaweza kuizungumza pamoja chini ya mwembe mmoja.

Kijana mmoja atanijibu: "Lakini Mchungaji, huu ni utani tu. Babu zetu walitaniana." Jibu langu ni hili. Utani wa babu zetu una njia mbili. Ukinitania, nami nakutania, na siku ya msiba wako ndiye mimi ninayekuja kuchimba kaburi na kukuchekesha ukilia. Utani una wajibu ndani yake. Lakini ukimtania mtu ambaye hawezi kukujibu, kwa sababu wewe ni mwenyeji na yeye ni mgeni, kwa sababu wewe unamdai na yeye anadaiwa, huo si utani. Pima hivi: je, yeye anaweza kunitania mimi mbele ya watu wale wale, na mambo yabaki salama? Kama hawezi, nyamaza.

Kwa nini nasema maneno haya kwa ukali? Angalieni mwisho wa Peponi. Vita inakaribia. Kikosi cha askari weusi chini ya Mdachi kinapita, kinakamata watu kwa nguvu kuwapeleka kubeba mizigo. Yusuf na Khalil wanajificha ndani ya duka, wamejaa hofu. Kikosi kinaondoka. Wameokoka! Lakini Yusuf anasikia nyuma yake mlango wa bustani ukifungwa komeo. Anatazama huku na huku, kisha anakimbia kuwafuata wale wale askari aliokuwa akiwaogopa saa moja mbele.

Vijana wengi wa kwetu wamekimbia vile. Tunauliza: kwa nini mtoto wa fulani ameingia kwa watu wenye silaha, na alijua ubaya wao? Njaa iko ndani, kulazimishwa kuko ndani, fedha ziko ndani, sikatai. Lakini ulizeni pia ni milango mingapi alisikia ikifungwa nyuma yake. Mtu asiye na meza popote atakwenda kwa yeyote anayemwambia: njoo, wewe ni wetu. Khalil alikuwa bado pale, rafiki wa kweli, lakini hakutosha peke yake. Palihitajika nyumba.

Basi tufanye nini? Mambo madogo, yanayowezekana wiki hii.

Uliza jina, na ulitumie. Usiulize kwanza kabila. Jina alilopewa na mama yake. Na kama ni gumu kinywani mwako, jifunze, sawa vile yeye anajifunza Kiswahili chako.

Ngoja sentensi yake iishe. Mgeni anayetafuta neno, usimkate, usimalizie kwa kicheko.

Wazazi, akija kijana mgeni mlangoni wakati wa kula, msimpe sahani yake nje barazani. Aingie. Bugali na sombe haviulizi kabila. Na kama ni jirani Mutwa, kikombe kiwe kile kile chenu.

Ninyi wenye mashimo na ninyi wenye kukopesha: mwenye deni ni baba, si mtoto. Mtoto arudi kwao na kwenye masomo. Na ninyi wazazi mliobanwa na deni, msione haya kuja kwa wazee wa kanisa mbele ya kumtoa mtoto, si baada.

Wewe mwenye simu, mpe mwenzako dakika tano aite mama yake. Dakika tano za sauti ya mama zinaweza kumshika kijana asikimbie usiku.

Na wewe kijana uliyechekwa, unayesoma maneno haya ukijua kwamba ni wewe: uchungu wako ni wa kweli, si udhaifu. Lakini kesho atafika mwingine mdogo kuliko wewe, akilia usiku. Unalo neno baya tayari mdomoni, umelipokea kutoka kwa wengine. Likufie hapo. Mwonyeshe pa kulala, mwambie ukweli wa mahali, kama Khalil alivyofanya alipokuwa mwema. Hapo utakuwa umekata deni ambalo wakubwa wako hawakuweza kulikata.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika kikundi cha vijana:

1. Katika mtaa wetu, ni nani tunayemwita kwa kabila, kwa kilema au kwa mzaha, na hatujui jina lake?

2. Khalil alimcheka Yusuf na alimlinda pia. Je, umeona mtu mwenye mambo haya mawili pamoja? Ni nini kilichomfanya aache moja na kushika lingine?

3. Someni Mwanzo 43:32. Kwetu, ni nani bado anakula peke yake, na ni juu ya nini?

4. Kama Yusuf angekuwa katika paroasi yetu ile siku mlango ulipofungwa, angekimbilia wapi?

Andikeni majibu yenu na myatume kwa mkono wa wachungaji wa sehemu zenu. Mazuri tutayasoma pamoja katika ukurasa huu.

Mungu awalinde, ninyi na wageni wenu.

Ni mimi, mchungaji wenu.